Neno "Mwungwana" na Maana Zake

Mtakatifu Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, sura ya 4, ataja wanawake wawili waliomzalia Abrahamu wana: Hagari na Sara. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 yamwita Hagari mjakazi, na Sara mwungwana. Mkatekumeni wa Kimanga, pale Uvira, akilisikia neno hilo, huenda akadhani kwamba Sara alikuwa mwanamke wa adabu, na Hagari hakuwa na adabu. Akidhani hivyo, fundisho la Mtume litampotea. Basi yafaa kulijua neno hili tangu mwanzo.

Maana ya kwanza

Umbo la neno ni la Kibantu: mwungwana (siku hizi huandikwa muungwana), waungwana, uungwana. Zamani, katika miji ya pwani kama Lamu, Pate na Mombasa, mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Uungwana haukupatikana kwa wema wala kwa kazi. Mtu alizaliwa nao. Waungwana walikaa katika nyumba za mawe, walihesabu nasaba zao, na wengi walipenda mashairi. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Humo amfundisha adabu nyingi njema. Lakini pia amwonya asichanganyike na watumwa, isipokuwa wakati wa kazi. Ndivyo adabu na ubaguzi zilivyokaa nyumba moja.

Maana ya pili

Mwaka huohuo wa 1858 wasafiri Waingereza, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Waliikuta ni soko kubwa la kaskazini ya Ziwa Tanganyika: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Misafara ya biashara ilitoka pwani ikapita Tabora hata Ujiji, kisha ikavuka ziwa kwenda Manyema.

Wapagazi na askari wengi wa misafara hiyo walikuwa watumwa, au watu walioachwa huru. Pwani wasingaliitwa waungwana. Lakini huku barani, ambako hakuna aliyewajua babu zao, walijiita hivyo. Walivaa kanzu, wakasema Kiswahili, na wale waliokamatwa vijijini wakawaita washenzi. Hivyo neno likaacha kushika nasaba, likashika mavazi na lugha. Hata Kiswahili cha Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Jina la watu huru limeachwa huku na watu ambao wengi wao walikuwa na bwana.

Siku zile za mateso Mapadre Weupe waliianzisha misioni ya Kibanga, mwaka 1883, upande wa magharibi wa ziwa, wakawakomboa watumwa kwa kutoa mali. Aliyekombolewa aliielewa vema maana ya neno "Mkombozi".

Maana ya tatu

Mwaka 1897 sheria ya Unguja iliondoa hali ya utumwa. Utumwa ulipokwisha, maana ya kale ya neno ilififia. Leo mwungwana ni mtu mstaarabu, mpole, mwenye kutimiza neno lake. Mithali yasema: "Muungwana ni vitendo." Zamani mtu aliitwa mwungwana kabla hajatenda lolote, leo hutazamwa kwanza atendavyo.

Faida ya somo hili

Basi Sara aitwa mwungwana kwa maana ya kwanza: alikuwa huru. Paulo hasifu adabu ya Sara, wala hamtukani Hagari. Afundisha kwamba waamini ni wana wa uhuru. Na huo uhuru si wa nasaba, wala wa kanzu, wala wa lugha. Hutolewa kwa wote. Kisha katika sura ya 5 Mtume aonya kwamba walioitwa wapate uhuru wautumie kwa kutumikiana kwa upendo. Hapo maana ya kwanza na ya tatu zakutana: aliyefanywa huru aonekane kwa vitendo.

Maswali

1. Kwa nini Sara aitwa mwungwana?
2. Neno hili lilibadilikaje lilipofika barani?
3. Mtu aliyepata uhuru autumieje?