Somo kwa Wanakwaya: Kifaa cha Kubadilishia Nyuzi za Gitaa

Mafungu ya kusoma: Mhubiri 10:10, Luka 16:10, 1 Wakorintho 14:7



Katika parishi nyingi gitaa limekuwa mtumishi wa kanisa. Laongoza kwaya ya vijana, laenda na wainjilisti kwenye mikutano ya nje, lalia arusini na msibani. Lakini kila chombo cha nyuzi kina siku yake ya kukatika uzi, na mara nyingi siku hiyo huwa Jumamosi jioni, katika mazoezi ya mwisho. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze habari ya kifaa kidogo cha kubadilishia nyuzi: namna ya kukichagua na namna ya kukitumia.

Huenda mzee mmoja akauliza, "Hili nalo ni somo la gazeti la kanisa?" Naam, ni somo. Nami nitalianza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

KOSA LA KOLEO

Gitaa letu la kwanza lilinunuliwa kwa fedha ya mavuno. Watu walileta mahindi, kuku na mayai, vikanadiwa mbele ya kanisa, na kwaya ikapewa fungu lake. Mimi ndiye niliyekabidhiwa gitaa lile.

Jumamosi iliyotangulia Pasaka uzi wa tatu ulikatika. Uzi mpya tulikuwa nao. Lakini mabaki ya uzi wa zamani yalikuwa yameshikwa na kigingi, yaani kile kijiti kidogo kinachozibia tundu la uzi kwenye daraja la gitaa. Kigingi kilikaza. Nikaazima koleo kwa fundi wa baiskeli, nikakibana kichwa, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kichwa kikakatika, mwili wake ukabaki tunduni. Badala ya kuacha, nikachukua msumari na jiwe nikaanza kugonga. Ubao wa daraja ukapasuka.

Asubuhi ya Pasaka kwaya iliimba kwa ngoma peke yake. Baada ya ibada mama mmoja mjane, aliyetoa jogoo wake siku ya mavuno, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, gitaa letu liko wapi leo?" Sikuwa na neno la kumjibu. Fundi aliyelitengeneza alilipwa kwa fedha ya mfuko wa kwaya, nayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya nauli za kwenda kuimba mtaa wa jirani. Safari ile haikufanyika.

Mhubiri atufundisha kwamba chuma kikiwa butu, mtu hulazimika kuongeza nguvu, bali hekima ndiyo inayofanikisha kazi. Mimi niliongeza nguvu. Hekima ingalikuwa kutumia kifaa kilichofanywa kwa kazi ile.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa hiki hushikwa kwa mkono mmoja, na kimeunganisha kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuzungusha. Kina kikombe kinachovikwa juu ya ufunguo wa gitaa, na mkono wa kuzungushia kama wa cherehani. Ili ijulikane faida yake, tufanye hesabu. Katika magitaa mengi kiguzo cha uzi huzunguka mara moja tu baada ya ufunguo kuzungushwa mara 14 au zaidi. Uzi mmoja wahitaji mizunguko kama mitatu kiguzoni. Basi 14 mara 3 ni 42, na kwa nyuzi sita ni 252. Kwa vidole vitupu kazi hiyo yachosha, na mtu aliyechoka hukosea. Kwa kizungushio ni kazi ya dakika chache.

Kazi ya pili ni kukata. Karibu na kiungo chake kuna makali mafupi ya kukatia ncha za nyuzi.

Kazi ya tatu ni kung'oa vigingi. Mwishoni mwake kuna pengo dogo linaloingia chini ya kichwa cha kigingi na kukiinua taratibu. Hapo ndipo koleo langu liliposhindwa. Koleo hubana kichwa na kukivunja, bali pengo hukibeba kwa chini.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kabla ya kwenda dukani, lijue gitaa lako. Gitaa la nyuzi za chuma lisilo la umeme kwa kawaida lina vigingi, kwa hiyo kazi zote tatu zitakufaa. Gitaa la nyuzi za nailoni halina vigingi, maana nyuzi zake hufungwa fundo kwenye daraja. Gitaa la umeme nalo halina. Kwa hayo mawili wahitaji kizungushio na makali tu.

Ukiwa dukani, angalia mambo haya manne:

1. Kikombe. Kiwe na kina cha kuushika ufunguo vema bila kuchezacheza. Funguo za magitaa hazilingani ukubwa. Ikiwezekana nenda na gitaa lenyewe ukajaribu. Kikombe cha plastiki au chenye mpira ndani ni bora, kwa kuwa hakikwaruzi funguo.

2. Makali. Waya ya gitaa ni chuma kigumu. Makali laini yaliyofanywa kwa waya ya shaba hupata mapengo upesi. Chukua kipande cha uzi wako mnene wa zamani, umwombe mwenye duka ruhusa ukate mbele yake. Kikikatika mara moja bila kutafunwa, makali ni mazuri.

3. Pengo la kung'olea. Midomo yake iwe myembamba na laini, isiyo na ncha za kukwaruza ubao. Lakini isiwe myembamba mno hata ikavunjika.

4. Kiungo na mkono. Zungusha mara kadhaa. Mkono uzunguke kwa wepesi pasipo kukwama.

Vipo vifaa vilivyoongezewa bisibisi na funguo nyingine za vyuma. Usivutwe na wingi wa vitu. Kifaa chenye kazi kumi mbovu hakishindi chenye kazi tatu njema. Na kama kina ufunguo wa kulegezea chuma kilichomo ndani ya shingo ya gitaa, usikiguse chuma hicho. Kazi hiyo mwachie fundi.

Kifaa kimoja chatosha kwaya nzima. Si lazima kila mpigaji awe na chake.

NAMNA YA KUTUMIA

Badilisha uzi mmoja mmoja. Kwa njia hiyo nyuzi nyingine zabaki kuwa mfano wa kuangalia, na shingo ya gitaa haiachiwi ghafula. Nyuzi sita za chuma zilizo nyembamba za kawaida, zikikazwa vema, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, karibu uzito wa mtu mzima. Basi yafaa kuziheshimu.

Kwanza: Legeza uzi wa zamani kwa kizungushio mpaka ulale kabisa. Usikate kamwe uzi uliokazwa. Ukikatwa hali umevutwa, huruka kama mjeledi, nao waweza kuumiza jicho. Watoto wakae mbali.

Pili: Uzi ukiisha kulegea, usukume kidogo uingie ndani ya tundu la daraja, ili kile kipete cha shaba kilicho mwishoni kiachane na kigingi. Kisha ingiza pengo chini ya kichwa cha kigingi, uinue polepole. Kikikataa, usishindane nacho. Ingiza mkono kwa tundu kubwa la gitaa, ukisukume kwa chini kwa sarafu. Laiti ningalilijua hilo ile Jumamosi!

Tatu: Tia uzi mpya. Kipete kiingie tunduni kwanza, kisha kigingi, mfereji wake ukielekea upande wa shingo. Bonyeza kigingi kwa kidole huku mkono wa pili ukivuta uzi juu, mpaka usikie kipete kimekaa chini ya ubao. Kigingi kikiinuka unapovuta, hakijakaa. Rudia.

Nne: Pitisha ncha ya juu katika tundu la kiguzo. Nyosha uzi, kisha urudishe nyuma kadiri ya vidole vitatu kwa nyuzi nene, na vidole vinne kwa nyembamba. Ulegevu huo ndio utakaofanya mizunguko miwili hata minne kiguzoni. Ukiwa mfupi mno, uzi utateleza. Ukiwa mrefu mno, utajirundika na kulegea mara kwa mara.

Tano: Vika kikombe juu ya ufunguo, uzungushe kwa mwendo wa taratibu. Kidole cha mkono wa pili kiubane uzi usilegee, na kila mzunguko ukae chini ya ule uliotangulia. Uzi upite upande wa ndani wa kiguzo, kama zile nyingine.

Sita: Uzi ukianza kutoa sauti, weka kizungushio chini. Malizia kwa vidole. Wengi hukata uzi mpya hapa, kwa sababu kizungushio chaenda mbio kuliko sikio. Pandisha mpaka sauti yake, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Uvute kwa vidole mara chache, kisha upandishe tena, maana uzi mpya hushuka.

Saba: Sasa kata ncha iliyobaki kwa makali, ukiacha kipande kifupi kama upana wa punje ya mahindi. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya zikunjwe kwanza ndipo zikatwe, zisije zikafumuka.

Mwisho: Kusanya vipande vyote, uvifunge katika karatasi na kuvitupa. Vikiachwa sakafuni vitachoma miguu ya watoto wa Shule ya Jumapili.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usitie nyuzi za chuma katika gitaa la nailoni, hata kama nyuzi za nailoni zimekosekana madukani. Gitaa la namna hiyo limejengwa kwa mvuto wa kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma zaweza kung'oa daraja lake.

Usitumie makali ya kifaa kukatia misumari, waya za uzio au vizibo vya soda. Yakiisha kuharibika hayatakata uzi tena.

Usingoje Jumamosi jioni. Badilisha nyuzi Alhamisi au Ijumaa, zipate muda wa kutulia kabla ya ibada. Na baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, hasa ninyi mkaao pwani, ambako chumvi na jasho huleta kutu upesi.

MAFUNDISHO KWETU

Bwana wetu alisema habari ya mtu aliye mwaminifu katika lililo dogo. Kigingi cha gitaa ni kidogo kuliko kidole cha mtoto. Walakini katika kigingi kile mimi nilipoteza sadaka ya mjane na safari ya kwaya. Vyombo vya kanisa si vyetu. Mara nyingi vimenunuliwa kwa jasho la watu wasiojua kupiga hata uzi mmoja, nao wameviweka mikononi mwetu kwa kutuamini.

Mtume Paulo naye awakumbusha Wakorintho kwamba filimbi na kinubi visipotoa sauti zinazotofautiana, hakuna awezaye kujua kinachopigwa. Gitaa lenye nyuzi za kutu, au lililopungukiwa uzi, halisaidii watu kuimba. Lawavuruga.

Kwa hiyo nashauri kila kwaya iwe na mfuko mdogo wa kitambaa, nao ukae pamoja na gitaa sikuzote. Ndani yake kiwemo kifaa hiki, seti moja ya nyuzi mpya, vigingi viwili vya akiba na kitambaa cha kufutia. Mtu mmoja akabidhiwe mfuko huo kwa jina, na wa pili afundishwe kazi, ili siku mmoja akiugua kwaya isikwame. Gitaa letu lilitengenezwa, nalo bado lalia. Mfuko wake ninao mimi, na kijana mmoja wa kwaya nimekwisha kumfundisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KWAYA

1. Vyombo vya kwaya yetu vilinunuliwa kwa fedha ya nani? Je, waliotoa wanajua vilivyo leo?
2. Ni nani anayekabidhiwa gitaa letu? Ni nani awezaye kumsaidia?
3. Ni mara ngapi tumeongeza nguvu mahali palipohitaji hekima, si katika vyombo tu, bali hata tunaposema na wenzetu?

Sala: Ee Bwana, uliyetupa vinywa vya kuimba na mikono ya kupiga, utupe na uangalifu wa kuvitunza vitu tulivyokabidhiwa, ili sifa zako zisinyamaze kwa uzembe wetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.