SOMO: MKADIRIAJI MAJENZI NA HESABU YA KWELI

Kazi ya mkadiriaji majenzi ni kutaja gharama ya jengo kabla msingi haujachimbwa. Husoma michoro, akapima, kisha akahesabu vifaa, ujira, uchukuzi na akiba ya dharura.

Tuchukue ukuta wa meta 10 kwa 3, yaani meta 30 za mraba. Kwa matofali ya saruji ya inchi 18 kwa 9, kila meta ya mraba hula matofali 10 hivi. Basi yatakiwa 300. Tukiongeza matano kwa kila mia, maana mengine huvunjika, ni 315.

Hesabu hiyo mtoto wa shule aiweza. Ugumu uko kwingine. Mwenye jengo hupenda bei ndogo, na mkandarasi aitaka kazi. Mkuu wa wakadiriaji, ambaye hutia sahihi, hujaribiwa hapo.

Tazameni Jumba la Opera la Sydney, Australia. Mwaka 1957 lilikadiriwa kiasi kilicho sawa na dola milioni 7 za Australia. Ujenzi ulianza 1959, michoro haijakamilika. Lilipofunguliwa 1973 lilikuwa limekula dola milioni 102.

Hivyo mkadiriaji mwaminifu huthubutu kusema: “Michoro haijatosha, bei siitaji bado.” Huenda akakosa kazi, lakini hamwachii mtu kuta zisizo na paa.

Swali la kujadili: Kamati ya ujenzi ikimwomba apunguze tarakimu ili wachangaji wasishtuke, ajibu nini?