Njia Inayopita Mbele ya Nyumba ya Waziri Mkuu

Binti aliweka mkono juu ya komeo la lango, kisha akaurudisha. Mbele yake ngano changa ilitanda hadi miguuni mwa kilima chenye msitu, na kwa mbali paa la nyumba ya mwenye shamba lilionekana.

"Mjomba, hili shamba la watu. Tunaingia bila hodi?"

"Hodi walishaipiga waliotutangulia, mwanangu. Soma hiyo nguzo."

Nguzo ilikuwa na kibao kidogo cha duara chenye mshale wa njano, na juu yake mchoro wa tunda la mwaloni. Mshale wa njano, mjomba alimweleza, ni njia ya waendao kwa miguu; wa buluu huruhusu farasi na baiskeli pia. Tunda la mwaloni ni alama ya njia za kitaifa, na hii waliyoishika inaitwa Ridgeway: kilomita 139, kuanzia Overton Hill huko Wiltshire hadi Ivinghoe Beacon, na ilifunguliwa rasmi mwaka 1973. Wao walitaka kipande cha kutwa moja tu. Wameshuka treni Princes Risborough, wavuke vilima vya Chiltern, wapande treni nyingine Wendover.

Mjomba ni mzaliwa wa Unguja aliyeendesha mabasi mjini Reading mpaka akastaafu, na vilima hivi anavijua kona kwa kona. Mpwa wake ndiyo kwanza ameanza masomo Uingereza, na hakuwa bado amezoea kukatiza kwenye mali ya mtu mchana kweupe.

"Kwa hiyo ardhi ni ya serikali?"

"La. Ardhi ni ya mkulima, na hati anayo. Sisi tuna haki ya kupita. Hatuchumi, hatupigi hema, na lango tukilikuta limefungwa tunalifunga. Lakini na yeye hana ruhusa ya kutuzuia. Hebu tazama ngano yake."

Katikati ya shamba ulipita ukanda mwembamba wa udongo uliokanyagwa, umejaa vipande vyeusi vya gumegume vyenye ganda jeupe la chaki. Ukanda ule haukuachwa kwa hisani. Mkulima akishalima shamba kwa ajili ya kupanda, sheria inampa siku 14 awe ameirudisha njia. Akiuvuruga udongo tena kwa zao hilohilo, ana saa 24. Njia ya katikati ya shamba isipungue upana wa mita 1. Ile inayofuata ukingo wa shamba haruhusiwi kuilima kabisa.

"Na haki hiyo aliitoa nani? Mfalme?"

Hapo mjomba alipunguza mwendo, kwani hili ndilo swali alilokuwa akilingoja. Njia nyingi za namna hii, alisema, hazikuchorwa na ofisa yeyote. Ni watu wa vijiji waliokuwa wakienda kanisani, kwenye kinu, sokoni, kazini kwenye mashamba ya matajiri. Sheria ya Barabara ya 1980 inasema kwamba umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa mwenye ardhi ameitoa, ila kama alionyesha wazi kwamba hakukusudia hivyo. Kanuni hiyo Bunge liliipitisha kwanza mwaka 1932. Kisha sheria ya 1949 ikaziagiza halmashauri zichore ramani rasmi ya njia zote. Leo, Uingereza na Wales kwa pamoja, zinafikia karibu kilomita 225,000.

"Bila kuomba ruhusa?" Binti alirudia. "Yaani ukiomba ndiyo unapoteza?"

"Ukiomba umekubali kuwa mgeni. Na aliyekupa ruhusa anaweza kuiondoa kesho."

Walipanda Whiteleaf Hill na kuingia msituni. Miti mingi ya huku huitwa bichi: mirefu, imenyooka, magome laini ya kijivu. Majani yakishakomaa hufunga anga kabisa, ndiyo maana maua ya msituni hukimbilia kuchanua Aprili na mwanzoni mwa Mei, kabla mwanga haujakatika. Chini ya miti zulia la maua ya buluu lilikuwa limefika mpaka ukingoni mwa njia.

Binti alidhani ule ni msitu wa asili usioguswa. Mjomba akamwambia msitu ule umetengenezwa na viti. Katika karne ya 19 mji wa High Wycombe, upande wa kusini, uliongoza Uingereza kwa kutengeneza viti, na miguu ya viti hivyo ilichongwa humu humu porini. Mafundi walijenga vibanda vyao kati ya miti, wakapasua magogo yangali mabichi. Mashine yao ilikuwa mti mwembamba uliopindwa, kamba, na ubao wa kukanyaga: ukikanyaga, kamba inauzungusha mguu wa kiti mbele ya patasi, ukiachia, mti ule unajinyoosha na kuurudisha nyuma. Miti hii iliachwa imee kwa wingi kwa kuwa ilikuwa na soko. Hadi leo timu ya mpira ya mji huo, Wycombe Wanderers, mashabiki huiita vijana wa viti.

Walishuka bondeni, na binti akauliza mto uko wapi.

"Hakuna. Chaki hunywa maji yote."

"Sasa bonde lilichimbwa na nini?"

"Maji hayohayo. Enzi za baridi kali ardhi hii iliganda, maji yakakosa pa kuzama, yakapita juu na kuchimba. Barafu ilipoyeyuka, yakarudi chini ya ardhi na bonde likabaki kavu. Tope utalikuta juu vileleni, kwa sababu kule chaki imefunikwa na mfinyanzi. Wageni huvaa buti bondeni wakazivua kilimani. Wewe fanya kinyume."

Mbele kidogo njia ilitoka kwenye miti na kukata barabara safi iliyopandwa nyasi fupi pande zote. Kulikuwa na kamera juu ya nguzo na vibao vya onyo. Binti alisita tena.

"Hapa ni Chequers," mjomba alisema. "Nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu. Arthur Lee aliitoa kwa taifa kwa sheria ya mwaka 1917, na mawaziri wakuu wanaitumia tangu 1921. Usitoke kwenye njia hata hatua moja; ukitoka, utakuwa umevunja sheria. Ila ukiwa juu ya njia, hii barabara yake utaivuka kama ulivyolivuka shamba la ngano."

Wakaivuka. Hakuna aliyewauliza kitu.

Juu ya Coombe Hill, mita 260 kutoka usawa wa bahari, walikaa kunywa chai ya chupa huku mwewe wekundu wenye mikia ya panda wakizunguka angani. Ndege hao walikuwa wametoweka Uingereza. Wa hapa ni kizazi cha ndege walioanza kuletwa mwaka 1989, wengi wao kutoka Hispania. Binti aliuliza kama wenye ardhi waliikubali haki hii ya kupita kwa amani, na mjomba akamsimulia kuhusu mlima wa Kinder Scout. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima huo uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 2002, kwenye kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire, mrithi wa ukoo uliomiliki mlima ule, aliomba radhi hadharani.

"Siku hizi basi tunaweza kutembea popote?"

"Sheria ya 2000 ilifungua milima, nyanda za nyasi na ardhi za pamoja. Misitu mingi haimo. Ndiyo maana msituni njia ni kila kitu."

Wakishuka kuelekea Wendover walikuta mti mkubwa umelala juu ya njia, mizizi imeinuka hewani, mipana lakini mifupi. Miti ya bichi haizamishi sana mizizi yake kwenye udongo huu mwembamba, na upepo huiangusha. Binti alianza kuuzunguka.

"Zunguka, ndiyo, lakini kwanza toa simu. Piga picha, halafu tafuta mahali tulipo kwenye ramani." Akamkunjulia ramani ya vilima hivyo, namba 181, yenye mistari ya kijani ya vijinjia, na kumwonyesha jinsi ya kusoma: herufi mbili kwanza, kisha tarakimu tatu za kwenda mashariki, kisha tatu za kwenda kaskazini. Mwenye kuhakikisha njia inapitika ni halmashauri, na halmashauri haina macho kila mahali.

Binti aliandika, akafuta, akaandika tena, akatuma. "Watauondoa lini?"

"Ukiona wiki zinapita na bado upo, waandikie tena, na utaje tarehe ya leo."