Soko, Simu na Jengo la Umma: Mafunzo Kutoka Soko la Kenyatta, Nairobi

Makala haya yanachunguza jinsi majengo ya umma yanavyopasa kusanifiwa katika jamii iliyounganishwa na simu na tarakilishi. Mfano unaozingatiwa ni soko la Kenyatta, lililo karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambalo linasifika kwa nyama choma na ususi.

Wapo wanaodai kwamba mtandao utayafanya majengo ya umma kuwa magofu. Dai hili halina mashiko. Tangu Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa mnamo Machi 2007, malipo mengi yamehamia kwenye simu. Hata hivyo, kichwa hakisukwi kwa ujumbe mfupi, wala nyama haichomwi kwenye skrini. Haja ya kukutana ingalipo. Kilichobadilika ni shughuli za waliokutana. Mteja anayesukwa kwa saa kadhaa anaweza kulipa karo au kusoma barua pepe papo hapo kitini.

Kwa hivyo, msanifu majengo hana budi kuzingatia mahali pa kuchaji simu, kivuli kinachowezesha skrini kusomeka, na nafasi ya kuketi. Aidha, asimsahau mtu asiye na simu, au aliyeishiwa na chaji. Serikali yenyewe inatoa huduma kupitia mtandao wa eCitizen, lakini bado inaendesha Vituo vya Huduma, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013. Mtandao haujaondoa haja ya kaunta yenye mhudumu.

Suala la lugha nalo ni sehemu ya usanifu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Wafanyabiashara wameng'amua faida yake: "Lipa na M-Pesa" ni maneno yanayoeleweka na muuza nyama na mteja wake. Iwapo maelekezo ya ukutani na ya kwenye skrini yatakuwa ya Kiingereza pekee, jengo litakuwa na mlango wazi na bado limfungie nje mwananchi.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohitajika. Ramani ya jengo ikichorwa, maneno yake yaandikwe nayo kwa Kiswahili sahili, kisha yajaribiwe kwa watu wa sokoni kabla ya kubandikwa. Ukuta hujengwa na fundi. Njia ya kuingia huonyeshwa na lugha.