Umeumia Wapi?

Mzee mmoja kaletwa hospitali, kabebwa na majirani. Mganga anamwuliza: "Pole, mzee. Umeumia wapi?" Mzee anajibu: "Mguuni." Jibu hilo ni sahihi. Lakini swali lina jibu la pili, nalo wengi wetu tunalisahau. Ameumia mahali gani? Barabarani? Shambani? Uani kwake? Leo tujifunze jinsi jibu hilo la pili linavyoandikwa kwa namba.

Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha namba za magonjwa na ajali. Toleo la 10 lilikubaliwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ila nchi nyingi bado ziko kwenye lile la 10, kwa hiyo tutasoma hilo. Kila jambo lina herufi na tarakimu zake. Karani wa kwetu na karani wa China wakiandika namba ile ile, wanasema jambo lile lile. Wataalamu huiita namba hiyo msimbo.

Tuanze na ajali isiyo na chombo. Mtu akiteleza au akijikwaa akaanguka, namba ni W01. Kisha huja nukta, na baada ya nukta tarakimu ya mahali. Nyumbani ni 0, shuleni 2, barabarani 4, dukani au sokoni 5, shambani 7. Pasipojulikana ni 9. Basi mama aliyeteleza na ndoo ya maji barabarani ni W01.4. Asiposema mahali, ni W01.9.

Vyombo vya usafiri vina herufi yao, nayo ni V. Hapa swali la mahali ni moja tu: ilikuwa barabara ya umma au sivyo? Abiria wa pikipiki iliyoanguka bila kugonga kitu, barabarani ni V28.5. Ikiwa ni uani au shambani, ni V28.1.

Je, barabara ya umma ni ipi? Wengine watasema ni pale penye lami. Sivyo! Kitabu kinasema ni upana wote wa ardhi, toka mpaka wa mali za watu upande huu hadi upande ule, ambamo watu wote hupita kwa haki au kwa desturi. Kumbe hata kile kinjia cha pembeni wanachopita watoto wakienda shule kimo. Mtoto akigongwa pale, usiseme tu, "Hakuwa barabarani." Sema, "Alikuwa pembeni mwa barabara."

Sasa karani asipoambiwa mahali, afanyeje? Ikiwa ni mtu wa baiskeli, pikipiki au gari, kitabu kinamwambia achukue kuwa ilikuwa barabarani. Mtembea kwa miguu huandikwa kuwa haijulikani. Lakini trekta! Trekta ni chombo cha shamba, kwa hiyo huchukuliwa kuwa haikuwa barabarani.

Jambo hili linatugusa sisi wakulima. Wakati wa mavuno tunaona vijana wakining'inia kwenye trekta, nayo inakwenda barabara kuu pamoja na mabasi. Tuseme kijana mmoja ameanguka, amezimia, hawezi kusema. Waliomleta wanasema, "Kaanguka kwenye trekta," basi, wanarudi zao. Ataandikwa V84.7, nje ya barabara. Wangetaja barabara ingekuwa V84.2. Siku watu wanapohesabu walioumia barabarani ili kujua kama hali ni mbaya, kijana wetu hayumo. Barabara inaonekana salama kuliko ilivyo.

Namba hizi, hata hivyo, hazitaji kona wala daraja. Hayo mwambieni mganga na polisi kwa maneno: ni karibu na kisima gani, ni mteremko upi.

MASWALI

1. Mama kateleza sokoni, kaanguka. Andika namba yake.

2. Mzee kaanguka njiani, lakini aliyemleta hakusema mahali. Ataandikwa namba gani? Ilipasa iwe ipi?

3. Kijijini kwenu, watu huumia zaidi sehemu gani ya barabara? Andika sentensi mbili.