Chura, Utumbo na Mwanafunzi wa Mwisho: Mtafiti Huanzaje?

Wako wanaodai ati Kiswahili ni cha mashairi na ngano tu, hakiwezi kubeba Bayolojia. Leo nataka kukibebesha, tuone kama kitalemewa.

Swali langu linatuhusu hasa sisi wa kidato cha tatu ambao tumekwisha kuchagua masomo: mtu huanzaje kuwa mtafiti? Simsemi daktari wa hospitalini anayetudunga sindano. Namsema yule anayechunguza jinsi yai moja linavyogeuka kuwa kiumbe chenye macho, moyo na miguu, na jinsi jeni zinavyoiongoza kazi hiyo. Elimu hizo mbili huitwa bayolojia ya ukuaji wa viumbe na bayolojia ya molekuli. Mfano wangu ni Mwingereza John Gurdon, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2025.

Alikoanzia

Gurdon alisoma katika shule ya Eton. Alipokuwa na umri wa miaka 15, mwaka 1949, alikuwa wa mwisho katika Bayolojia kati ya wavulana 250. Mwalimu wake akaandika katika ripoti kuwa wazo la kijana huyu kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha, na kwamba kumfundisha ni kupoteza wakati. Basi akaondolewa katika sayansi, akapelekwa kusoma Kilatini na Kigiriki.

Baadaye alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford kwa sharti kwamba asiendelee na lugha hizo. Akarudi kwenye sayansi, akasomea elimu ya wanyama. Alipomaliza mwaka 1956, aliomba kufanya utafiti juu ya wadudu. Akakataliwa! Ndipo mwalimu mwingine pale pale Oxford, Michail Fischberg, akamchukua awe mwanafunzi wake wa uzamifu. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Hatua ya kwanza: swali

Fischberg alimpa swali moja zito. Mwili una seli za ngozi, za utumbo, za neva na nyinginezo, nazo zote zimetokana na yai moja. Je, seli ikishakuwa ya utumbo, huyatupa yale maagizo ya kuunda macho na moyo, au huyahifadhi tu bila kuyatumia? Hebu mfikirie fundi cherehani mwenye kitabu kizima cha mitindo, lakini kazi yake ni kushona kaptura za shule tu. Zile kurasa nyingine amezichana, au amezifunika?

Mwaka 1952, Wamarekani wawili, Robert Briggs na Thomas King, walikuwa wametoa viini vya seli za viinitete vya chura na kuvitia katika mayai yaliyoondolewa viini vyake. Viini vya kiinitete kichanga vilifaulu. Vile vya kiinitete kilichokwisha kuendelea vilishindwa. Wengi wakaamini kwamba kurasa zimechanwa.

Hatua ya pili: kiumbe kinachofaa

Katika maabara ya Fischberg palikuwa na chura kutoka kusini mwa Afrika, jina lake la kisayansi Xenopus laevis. Chura huyu huishi majini maisha yake yote, na akidungwa homoni hutaga mayai wakati wowote wa mwaka. Kwa ajili hiyo, kuanzia miaka ya 1930 alitumiwa ng'ambo kupima mimba: jike alidungwa mkojo wa mwanamke, naye akitaga, basi mimba ipo. Binamu yake, Xenopus borealis, anaishi hapa hapa Kenya katika nyanda za juu. Kumbe chombo cha utafiti mkubwa kinaogelea katika vidimbwi vyetu, na sisi tunapita!

Hatua ya tatu: mkono na subira

Yai la chura huyu lina upana wa milimita moja na kitu kidogo, tena limefunikwa utando wa utelezi mgumu ambao mrija wa kioo hauupenyi. Ikagunduliwa kuwa mwanga wa urujuanimno unaua kiini cha yai na pia kuulainisha utando ule. Mlango ukafunguka. Gurdon akawa anafyonza seli ya utumbo wa kiluwiluwi kwa mrija mwembamba sana, seli inapasuka lakini kiini kinabaki kizima, kisha anakitia ndani ya yai.

Katika karatasi yake ya mwaka 1962 alieleza kuwa alihamisha viini 726. Viluwiluwi wazima waliopatikana walikuwa 10. Piga hesabu mwenyewe: hawafiki 2 katika kila 100. Mtu mwingine angesema kazi imeshindikana. Lakini kwa swali lile, hata mmoja alitosha, kwa sababu kama kurasa zingekuwa zimechanwa, asingepatikana yeyote.

Hatua ya nne: ushahidi

Hapa ndipo penye somo kubwa. Mtu angeweza kuuliza: "Utajuaje kwamba kiini cha yai kilikufa kweli? Huenda kiluwiluwi ametokana na kile cha zamani." Jibu lilikuwa tayari. Chura wa kawaida huwa na vijiini viwili ndani ya kila kiini cha seli, yaani nukleoli mbili. Katika maabara ile palikuwa na ukoo wa vyura wenye nukleoli moja tu. Viini vya kuhamishwa vilitolewa kwa ukoo huo. Kiluwiluwi aliyezaliwa akitazamwa kwa hadubini na kuonekana ana nukleoli moja, basi ubishi umekwisha.

Hata hivyo, watu walisitasita kumkubali. Alikuwa kijana aliyemaliza uzamifu juzi juzi, naye anawapinga wakubwa. Hakugombana nao. Mwaka 1966, yeye na mwenzake walionyesha kuwa vyura waliotokana na viini vya utumbo waliweza hata kuzaa. Mwaka 1996 akazaliwa kondoo Dolly kule Scotland, kutokana na seli ya kiwele. Mwaka 2006, Mjapani Shinya Yamanaka akazirudisha seli za panya katika hali ya uchanga kwa jeni nne tu. Mwaka 2012, Gurdon na Yamanaka wakapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka 1962 hadi 2012 ni miaka 50. Subira huvuta heri.

Tusidanganyane

Ndugu msomaji, usiichukue habari hii ukaifanye kinga ya kufeli. Kabla ya kuanza sayansi Oxford, Gurdon alifundishwa Bayolojia mwaka mzima na mwalimu wa faragha, nao wazazi wake waliweza kulipa. Wengi wetu wa shule ya kutwa tukifika nyumbani tunachota maji kwanza, ndipo tufungue kitabu. Hatuna mwaka wa akiba. Kwetu sisi mtihani wa kidato cha nne ni mlango, kisha shahada ya kwanza ya miaka 4, uzamili miaka 2, na uzamifu miaka 3 au zaidi. Kwa hiyo tujifunge kibwebwe sasa.

Lakini nanyi walimu wetu, kwa heshima na taadhima, nawaomba jambo moja. Alama ya leo inaeleza mtihani wa leo. Msituandikie ya kesho. Yule wa 250 hakuhitaji huruma. Alihitaji mtu mmoja wa kumpa swali na meza ya kufanyia kazi. Hapa kwetu Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, jijini Nairobi mwaka 1970, na mpaka leo vijana wa Afrika wanapata meza hapo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini viluwiluwi 10 kati ya 726 walitosha kujibu swali la Gurdon?
2. Nukleoli moja ilithibitisha nini?
3. Mvua ikinyesha, tafuta mayai ya chura kidimbwini. Yachore kila siku mpaka miguu itokee, na uandike tarehe. Ni jambo gani umeliona ambalo kitabu chako hakikulieleza? Hilo ndilo swali lako la kwanza la utafiti.