Vipimo Vinasema Umepona, Mwili Bado

Leo nina neno na wewe uliyeugua Korona, ukapimwa ukaambiwa virusi havipo tena, ndugu wakashukuru Mungu, halafu miezi ikapita na bado ukipanda ngazi lazima usimame katikati uvute pumzi. Unafua leo, kesho kitanda hakikuachi. Mtu anakueleza jambo, nusu yake imeshakutoka. Pembeni wifi ananong'ona: "Huyu anadeka tu."

Hudeki, mdogo wangu. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliitolea hali hii maelezo rasmi: dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu kuugua, hudumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Lakini wagonjwa ndio waliotangulia kusema. Elisa Perego wa Italia, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeugua mwenyewe, aliipa hali hii jina mtandaoni Mei 2020. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa ufanyeje? Kwanza, pumzika kabla hujachoka. Ukifua leo, deki isubiri kesho. Menya viazi umekaa. Siku ukiamka una nguvu, usizimalize zote kwa kufidia kazi za wiki nzima. Na kama kila ukijitutumua unaanguka siku ya pili, achana na wanaokuhimiza ukimbie ili "ufungue mapafu".

Pili, pua. Kama harufu haijarudi, ifundishe: chukua karafuu, limau, waridi na mkaratusi, unuse kimoja kimoja kwa utulivu, asubuhi na jioni. Ni kazi ya miezi, na si kila pua hurudi sawa. Kwa sasa, mwenzako ndiye anuse mtungi wa gesi na kiporo cha jana. Wala nisisikie umejifunika blanketi juu ya sufuria inayochemka, mvuke huunguza.

Tatu, usiibebeshe Korona kila kitu. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu au kisukari. Kikohozi kikizidi wiki 2, kapime kifua kikuu. Kifua kikibana, ukihema ilhali umekaa, au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukienda, beba karatasi uliyoandika dalili na siku zilipoanza, maana mbele ya daktari tunasahau.

Nanyi mnaoishi na mgonjwa, swali la "bado tu?" liacheni. Yeye ndiye wa kwanza kutamani kurudi kazini. Mkimkuta anahema kando ya kisima, chukueni ndoo mpeleke maji nyumbani.